Majeshi Matatu Katika Mji Mmoja

Mwanzoni mwa Januari 1975, viongozi wa vyama vitatu vya kupigania uhuru wa Angola waliketi pamoja mjini Mombasa, mwenyeji wao akiwa Mzee Jomo Kenyatta. Agostinho Neto, kiongozi wa MPLA, alikuwa daktari wa binadamu na mshairi mwenye jina. Holden Roberto, kiongozi wa FNLA, alikuwa amekulia Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Jonas Savimbi wa UNITA alikuwa mtoto wa mkuu wa stesheni ya reli. Kuanzia tarehe 3 hadi 5 walizungumza, wakatambuana rasmi, wakaafikiana kumkabili Mreno kwa kauli moja. Tarehe 15 ya mwezi huo huo walitia saini mkataba na Ureno katika mji wa Alvor, na siku ya uhuru ikapangwa: Novemba 11.

Siku hiyo ilifika kama ilivyopangwa. Lakini uhuru ulipotangazwa, mizinga ilikuwa imetoka kunguruma kilomita chache kaskazini ya Luanda, nchi ilikuwa na serikali mbili zilizojitangaza zenyewe, na wanajeshi wa Zaire, wa Afrika Kusini ya makaburu na wa Kuba walikuwa ndani ya mipaka yake. Vita vilivyoanza mwaka huo vilidumu miaka 27. Inakadiriwa kwamba viliua watu nusu milioni na kuwang'oa wengine wapatao milioni nne kutoka makwao.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuvielewa vita hivyo, kwa kuwa mara mbili katika mwaka ule mmoja viongozi hao walikuja kupatanishwa kwenye ardhi yetu, kwanza Mombasa na kisha Nakuru. Na mara zote mbili tuliwapongeza, tukawaaga, wakarudi nyumbani kila mmoja na jeshi lake.

Tumezoea kueleza chanzo cha vita hivyo kwa njia mbili. Wapo wanaosema ni ukabila: Wakongo wa kaskazini, Wambundu wa Luanda na viunga vyake, na Waovimbundu wa nyanda za juu za kati. Wapo wanaosema ni mabeberu: Marekani na Usovieti waliipigania Angola kwa damu ya Waangola. Kila maelezo yana ukweli wake. Lakini nimeifuatilia historia hii kwa muda mrefu, na ninaamini chanzo ni kingine, na kinatuhusu zaidi. Angola iliwaka kwa sababu kila chama kilimiliki jeshi, na hakuna chama kilichoamini kwamba kikishindwa kwenye sanduku la kura kitabaki hai. Ukabila na mabeberu vilikuta moto umeshawashwa.

Damu iliyotangulia uhuru

Anayetaka kuelewa mwaka 1975 aanzie mwaka 1961. Februari 4 mwaka huo, watu wenye mapanga walivamia magereza ya Luanda kujaribu kuwafungua wafungwa wa kisiasa. Machi 15, wafuasi wa UPA, chama cha Roberto kilichokuja kuzaa FNLA, walivamia mashamba ya kahawa ya kaskazini. Waliua walowezi wa Kireno pamoja na familia zao. Waliua pia machotara, na vibarua Waovimbundu waliokuwa wametolewa kusini kwa mikataba ya kazi ambayo haikutofautiana sana na utumwa. Mreno alilipiza kisasi kwa ndege na bunduki, vijiji vikateketezwa, na mamia ya maelfu wakakimbilia Kongo ya Léopoldville, nchi iliyokuja kuitwa Zaire.

Fikiria kibarua aliyenusurika akarudi kwao Huambo. Alikuwa amenyonywa na Mreno, kisha akakatwa mapanga na watu waliosema wanampigania. Hakuhitaji beberu wa kumfundisha kumwogopa Roberto.

Tangu hapo vyama vilipigana na Mreno huku vikiwindana vyenyewe. Mwaka 1963 serikali ya Léopoldville, iliyokuwa upande wa Roberto, iliifukuza MPLA, nayo ikahamia ng'ambo ya mto, Brazzaville. Mwaka 1964, mjini Cairo, Savimbi alijiuzulu hadharani katika serikali ya uhamishoni ya Roberto, na Machi 1966 akaanzisha UNITA huko Muangai, mkoa wa Moxico. Machi 1967, mpiganaji wa MPLA Deolinda Rodrigues na wenzake wanne, wote wanawake, walikamatwa na watu wa FNLA wakiwa wanarejea kutoka safari ya kivita. Walipelekwa katika kambi ya Kinkuzu, ndani ya Kongo, na hawakutoka hai. Hadi leo Angola huadhimisha Siku ya Mwanamke wa Angola Machi 2 kwa ajili yao, wanawake waliouawa na wapigania uhuru wenzao.

UNITA nayo ilikuwa na doa lake. Mwaka 1974 zilichapishwa nyaraka zilizoonyesha kwamba Savimbi alikuwa amewasiliana na makamanda wa Kireno na kupatana nao ili nguvu zielekezwe dhidi ya MPLA upande wa mashariki.

Kwa hiyo watu watatu walioketi Mombasa walikuwa na hesabu zao moyoni. Kila mmoja alijua wenzake walichowafanyia watu wake, na kila mmoja alijua yeye alichowafanyia wao.

Je, huo ni ukabila? Ni kweli kila chama kilikuwa na ngome yake. Lakini tazama walikotoka viongozi wenyewe. Baba yake Neto alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Roberto alilelewa na wamisionari wa Kibaptisti. Baba yake Savimbi, pamoja na kazi ya reli, alikuwa mhubiri wa Kiprotestanti. Wote watatu walitoka katika madhehebu ya wachache, ndani ya koloni lililotawaliwa na nchi ya Kikatoliki, na wote walipata elimu ambayo Mwangola wa kawaida hakuiota. Kisha mtazame Daniel Chipenda, kamanda mashuhuri wa MPLA katika medani ya mashariki. Alikuwa Mwovimbundu, kwa kabila ndugu yake Savimbi. Alikosana na Neto, akaondoka na wapiganaji wake, na mwaka 1975 akajiunga na FNLA, chama cha Wakongo. Kabila lingekuwa ndilo linaloamua, asingeweza kwenda huko. Kilichompa thamani huko alikokwenda ni wapiganaji aliowapeleka.

Karatasi nzuri ya Alvor

Aprili 25, 1974, maofisa wa jeshi la Ureno waliipindua serikali yao wenyewe, wakiwa wamechoshwa na vita vya makoloni. Msumbiji, Ureno ilizungumza na FRELIMO peke yake, ikakabidhi. Angola hapakuwa na mmoja wa kukabidhiwa. Ndipo ukaja Mkataba wa Alvor.

Ukiusoma leo unaona watu wenye nia njema. Serikali ya mpito ya wizara kumi na mbili, kila chama tatu na Mreno tatu. Baraza la watu watatu la kuiongoza kwa zamu: Lopo do Nascimento wa MPLA, Johnny Eduardo Pinock wa FNLA na José Ndele wa UNITA. Uchaguzi wa bunge la katiba kabla ya Oktoba kwisha. Jeshi la pamoja ambalo kila chama kingetoa askari 8,000, jumla 24,000, nao Wareno wakabaki na 24,000 hadi waondoke hatua kwa hatua. Serikali hiyo iliapishwa Luanda Januari 31.

Kasoro yake ilikuwa katika mpangilio wa mambo. Wizara ziligawanywa kwanza, jeshi likaachwa lije baadaye. Siku ile mawaziri wanaapa, FNLA ilikuwa na jeshi lake, MPLA lake, UNITA lake, na yote matatu yaliruhusiwa kuingia Luanda kama washirika wa serikali moja. Askari 8,000 wa kila chama walikuwa wa kuchangwa tu. Hapakuwa na chombo chenye uwezo wa kuhesabu waliobaki nyuma, wala wa kuwanyang'anya silaha. Mwamuzi alikuwa Mreno, ambaye wakati ule kwao kulikuwa hakukaliki. Machi 11 lilitokea jaribio la mapinduzi Lisbon, na kijana wa Kireno aliyevaa sare Luanda alikuwa na ombi moja, arudi kwao salama.

Wazee walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Luanda waliingizwa watatu, na mwenye zizi alikuwa amekwisha kufunga mizigo.

Mtaa ulivyogeuka uwanja wa vita

Vita vya wenyewe kwa wenyewe huanzia mtaani. Luanda ilikuwa imezungukwa na makazi ya watu weusi maskini yaliyoitwa musseque: Sambizanga, Rangel, Cazenga na mengine. Huko kila chama kilifungua ofisi, kikapandisha bendera, kikaweka walinzi mlangoni wenye bunduki. MPLA ilikuwa na mizizi mirefu humo, na kamati za mtaa za wafuasi wake zikawagawia vijana silaha kwa jina la nguvu ya umma. FNLA ilikuwa na askari wengi zaidi na fedha zaidi. Ililinunua gazeti kubwa la mji, A Província de Angola, ikaingiza wapiganaji waliokuwa wamefunzwa Zaire. Wengi wa hao walikuwa watoto wa wakimbizi wa 1961. Walikulia Kinshasa wakizungumza Kilingala na Kifaransa, na Kireno chao kiliwatambulisha kabla hawajamaliza sentensi. Kwa mkazi wa Sambizanga walionekana wageni waliokuja kuuteka mji. Wao walijiona wanarudi nyumbani kwa wazazi wao.

Katikati ya Februari, MPLA ilizishambulia ofisi za Chipenda mjini Luanda na kuwatimua watu wake. Machi 23, FNLA iliwashambulia MPLA katika mji huo huo, na siku chache baadaye vijana zaidi ya 50 waliokuwa wamejiunga na MPLA waliuawa karibu na Caxito, kaskazini ya Luanda. Mwishoni mwa Aprili na Mei mapigano yalirudi makali zaidi, yakasambaa mikoani. Kila mara yalitulizwa kwa tamko la pamoja la serikali ya mpito, ambayo mawaziri wake walikaa meza moja mchana huku askari wao wakipigana usiku. Atakayeanza kuhesabu nani alipiga kwanza ataikuta orodha haina mwisho. Aliyepigwa Februari alijibu Machi, aliyepigwa Machi akajibu Aprili, na kila mmoja alisema kwa dhati kabisa kwamba anajilinda.

Hapo ndipo Mzee Kenyatta alipowaita tena. Kuanzia Juni 16 hadi 21 walikuwa Nakuru. Tamko la Nakuru linastahili kusomwa na kila msuluhishi wa zama zetu kwa sababu ya uwazi wake. Wale viongozi watatu walikiri makosa yao wenyewe. Walikubali kwamba silaha nyingi zimeingizwa nchini tangu Aprili 1974, kwamba raia wamegawiwa bunduki, kwamba vyama havivumiliani. Waliahidi kuwanyang'anya raia silaha na kuharakisha jeshi la pamoja. Walijua ugonjwa na walijua dawa.

Tarehe 9 Julai, wiki tatu hazijatimia, Luanda ilirindima tena. Kabla ya mwezi kwisha MPLA ilikuwa imeitimua FNLA karibu yote kutoka mji mkuu. Agosti UNITA nayo ikajiondoa ikaelekea kusini, na serikali ya mpito ikabaki jina. Kufikia hapo uchaguzi wa Oktoba ulikuwa umekufa bila mtu kutangaza msiba wake. Kila chama kilijua kwamba atakayeshika Luanda Novemba 11 ndiye atakayeitwa serikali, na hesabu za kura zikakoma hapo.

Wageni na mlango uliokuwa wazi

Sitaki kuwasafisha wageni. Januari 22, 1975, wiki moja tu baada ya Alvor, kamati ya siri ya serikali ya Marekani iliidhinisha dola 300,000 kwa FNLA. Usovieti ulikuwa umeanza tena kuipelekea MPLA silaha tangu mwishoni mwa 1974. Uchina ilikuwa imepeleka wakufunzi kwa FNLA katika kambi za Zaire, ambako Rais Mobutu alikuwa mlezi wa Roberto. Julai, Rais Gerald Ford aliidhinisha operesheni ya siri ya CIA, ambayo fedha zake zilikuja kufika dola milioni 32 hivi. Agosti, majeshi ya makaburu yalivuka mpaka kwa kisingizio cha kulinda bwawa la Calueque. Oktoba 14 msafara wao wa kivita ulianza kupanda kaskazini kwa kasi, ukiteka mji mmoja baada ya mwingine, wakiwa pamoja na watu wa UNITA na wa Chipenda. Novemba 5, Kuba iliamua kupeleka askari wake kwa wingi upande wa MPLA, katika operesheni iliyopewa jina la Carlota, mwanamke mtumwa aliyeongoza uasi huko Kuba mwaka 1843. Miezi michache baadaye askari hao walikuwa maelfu kwa maelfu.

Novemba 10, FNLA na vikosi vya Zaire, wakisaidiwa na mizinga ya Afrika Kusini, walijaribu kuingia Luanda kupitia Quifangondo, kando ya mto Bengo, mahali mji unapopatia maji yake. Barabara pale inapita katikati ya tope na madimbwi, mtu hana pa kuchepukia. Maroketi ya Kisovieti yaliwamiminikia kutoka vilimani, na jeshi la Roberto halikusimama tena sawasawa. Siku hiyo hiyo kamishna wa mwisho wa Ureno, Leonel Cardoso, alisoma tamko akiukabidhi uhuru kwa "watu wa Angola" bila kutaja chama, akapanda meli, akaondoka. Usiku Neto akatangaza jamhuri mjini Luanda. UNITA na FNLA wakatangaza yao, wakiufanya Huambo kuwa makao. Hakuna nchi hata moja iliyoitambua.

Lakini tuulizane kwa uaminifu: nani aliwafungulia wageni hawa? Roberto aliomba Zaire na Marekani. Neto aliomba Kuba na Usovieti. Savimbi, mtoto wa Afrika aliyekuwa ameapa kuupinga ukoloni, alipokea msaada wa makaburu wa Pretoria. Kila mmoja alikimbilia nje kwa sababu aliogopa mwenzake zaidi ya alivyomwogopa mgeni.

Afrika nayo ikagawanyika. Kuingia kwa makaburu kuliifanya Nijeria iitambue MPLA. Tanzania, ambayo bandari yake ya Dar es Salaam ilipitisha silaha za MPLA kuelekea medani ya mashariki, ilisimama na Neto. Januari 1976, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikutana kwa dharura Addis Ababa. Nchi 22 zikataka MPLA itambuliwe, nchi 22 zikataka serikali ya umoja wa kitaifa, na mkutano ukavunjika.

Wananchi walikuwa na mambo yao ya kuhangaikia. Zaidi ya Wareno 300,000 waliondoka. Katika miezi ile Luanda ilijaa sauti ya misumari, kila familia ya walowezi ikitengeneza makasha ya mbao ya kupakia majokofu, vitanda, hata magari. Makasha hayo yalirundikana bandarini Luanda, kisha yakarundikana tena ukingoni mwa mto Tejo, Lisbon. Pamoja nayo waliondoka mafundi, madereva wa malori, wenye maduka na madaktari, kwa kuwa ukoloni ulikuwa umehakikisha kwamba Waangola weusi wachache tu wanafundishwa kazi hizo. Mkulima wa nyanda za juu alibaki na mahindi yasiyo na lori la kuyafikisha sokoni, na bunduki zilizokuwa zikiongezeka kila siku.

Ushahidi wa 1992

Mtu anaweza kusema kwamba nimewapunguzia mabeberu mzigo wao. Ningekubali, kama historia ingeishia hapo. Lakini Angola ilijaribiwa tena.

Mei 1991, askari wa mwisho wa Kuba waliondoka. Afrika Kusini ilikuwa imeshatoka. Usovieti ulikuwa unakata roho, Vita Baridi vimekwisha. Mwezi huo huo, huko Bicesse, Ureno, serikali ya MPLA na UNITA walitia saini mkataba wa amani, na uchaguzi ukapangwa Septemba 1992. Wageni waliolaumiwa miaka yote walikuwa wamejiondoa, na baadhi yao walikuwa wasimamizi wa amani.

Kosa lilirudiwa karibu neno kwa neno. Jeshi moja la taifa lilitakiwa kuundwa kabla ya kura. Majeshi mawili ya zamani yalivunjwa kwenye karatasi Septemba 27, siku mbili kabla ya watu kupanga foleni vituoni, huku maelfu ya wapiganaji wakiwa bado na silaha zao. Umoja wa Mataifa ulileta waangalizi wa kijeshi 350 tu katika nchi yenye ukubwa unaoipita Tanzania na nusu ya Kenya zikiunganishwa. Na mshindi alipewa kila kitu: urais, wizara, jeshi, mafuta, hata uteuzi wa magavana katika mikoa ambayo mpinzani wake alishinda.

Waangola walijitokeza kwa wingi ajabu. Zaidi ya asilimia 90 ya walioandikishwa walipiga kura. José Eduardo dos Santos wa MPLA alipata asilimia 49.57 na Savimbi asilimia 40.07, kwa hiyo duru ya pili ilihitajika. Haikufanyika. Savimbi alikataa matokeo, akarudi Huambo. Mwishoni mwa Oktoba Luanda ikageuka machinjio, na waliouawa ni pamoja na makamu wake, Jeremias Chitunda, na Elias Salupeto Pena aliyekuwa mjumbe mkuu wa UNITA katika mazungumzo. Mapema 1993 mji wa Huambo ulipiganiwa siku 55. Awamu hiyo ya vita, isiyo na jeshi la Kuba wala la makaburu, iliua watu kwa kasi kuliko zote zilizotangulia.

Wapo watakaosema tatizo lilikuwa Savimbi na uroho wake wa madaraka, na almasi zilizomlipia silaha. Ni kweli alikuwa hivyo, na serikali nayo ilikuwa na mafuta ya kuilipia. Lakini utaratibu unaotegemea wema wa mtu mmoja ni utaratibu mbovu. Wala asije mtu akadhani kwamba chama kilichokuwa upande wa haki dhidi ya makaburu kilisalimika na tabia hii. Mei 27, 1977, mgogoro ndani ya MPLA yenyewe uliishia katika umwagaji damu uliomeza maelfu ya wanachama wake, wengi wao vijana wa mitaa ile ile iliyoipigania mwaka 1975. Chama kilichozoea kumjibu mpinzani kwa bunduki hakikuacha mazoea hayo kilipobaki peke yake.

Savimbi aliuawa vitani Moxico Februari 22, 2002. Aprili 4, makamanda wa pande mbili walitia saini mjini Luanda kusimamisha vita. Safari hii wapiganaji wa UNITA walikusanywa kambini, wakanyang'anywa silaha, na maelfu kati yao wakaingizwa katika jeshi la taifa. UNITA ikabaki chama cha siasa kisicho na bunduki hata moja.

Sasa tazama Agosti 2022. Katika uchaguzi wa mwaka huo MPLA ilitangazwa mshindi kwa asilimia 51, UNITA ikapata karibu 44 na kuongoza mjini Luanda penyewe. UNITA iliyakataa matokeo ikaenda Mahakama ya Katiba, ikashindwa, wabunge wake 90 wakaapa na kuingia bungeni. Kulikuwa na malalamiko mazito, na mengi yalikuwa na msingi, kwa sababu Angola bado iko mbali na ushindani wa haki. Lakini nchi ile ile, vyama vile vile, makabila yale yale, mafuta yale yale, tena kwa tofauti ndogo ya kura kuliko 1992, na vita havikuzuka. Kilichobadilika ni kwamba hapakuwa na chama cha upinzani chenye jeshi, na aliyeshindwa alikuwa na viti 90 vya kwenda kukalia.

Tunachopaswa kudai

Kanda yetu imekuwa mwenyeji wa meza nyingi za amani tangu Nakuru, na inaendelea kuwa hivyo. Mkataba wa Sudan Kusini wa 2015, uliosimamiwa na nchi zetu kupitia IGAD, uliwarudisha Salva Kiir na Riek Machar Juba, kila mmoja na askari wake. Julai 2016 askari hao walianza kupigana, na mji ukawaka. Khartoum, nchini Sudan, nayo iliachiwa majeshi mawili chini ya dola moja, na Aprili 2023 yakaingia vitani. Hatuna haki ya kushangaa. Tulishaonyeshwa jambo hili Luanda, na Nakuru tuliandikiwa maelezo yake na wahusika wenyewe.

Kwa hiyo wasuluhishi wetu waache kugawa wizara kabla ya kuhesabu bunduki. Kila mkataba useme silaha zinakusanywa wapi, na nani, kufikia tarehe gani, na serikali isiapishwe mpaka kazi hiyo imeonekana kwa macho. Kila mkataba useme pia aliyeshindwa atabaki na nini: viti, mikoa atakayoiongoza, ruzuku, ulinzi wa maisha yake na ya watu wake. Mtu asiye na cha kupoteza baada ya kura hana sababu ya kuiheshimu kura.

Na sisi raia wa nchi zenye utulivu tusijidanganye kwamba hili ni la wengine. Kila chama kinachofunga vijana vitambaa, kikawafunza mazoezi ya kijeshi na kuwaita walinzi wa chama, kiwe kinatawala au kinapinga, kinatembea kwenye njia ambayo Luanda ilipita. Kila serikali inayotumia polisi wa umma kama mali ya chama inamfundisha mpinzani kwamba na yeye atafute askari wake. Kabla ya kumpa mgombea kura yako, muulize mambo mawili: nani anawalipa vijana wanaomlinda, na siku atakayoshinda atamwachia nini aliyeshindwa. Akikosa majibu, kura yako mpe mwingine.